Klezma, ngoma za Hungaria na muziki wa Waroma: njia tatu za kuchanganya, na ipi inakufaa

Ukitaka kuweka klezma ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, muziki wa vijijini wa Hungaria na muziki wa Waroma (wale ambao wengi huwaita Majipsi) kwenye jukwaa moja, nyimbo hazitakukwamisha. Zipo tele, na nyingi zimekaribiana kiasi kwamba hata wazoefu hubishana ni za nani. Utakwama kwenye njia. Mmoja katika bendi atasema twendeni Transylvania, eneo la Romania ya leo, tukajifunze kwa wazee na rekodi zao. Wa pili atasema tuandike nota, tutafute ukumbi mzuri. Wa tatu atasema hayo yote ni makumbusho, tutunge kitu cha leo. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja ana albamu ya kukuonyesha.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyefika hapo: mpiga ala aliyealikwa kwenye bendi ya namna hiyo, mwandaaji wa tamasha mwenye bajeti moja na maombi matatu mezani, au msikilizaji anayetafuta pa kuanzia. Wasomaji wetu wa Berlin na Vienna, na Wakenya wanaosoma Hungaria kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum, wako jirani kabisa na muziki huu. Aliyelelewa na taarab naye anaingia na mtaji wake. Skeli ambayo wana klezma huiita freygish, yenye ule mruko mpana kati ya noti ya pili na ya tatu, sikio la Zanzibar au Mombasa litaitambua mara moja kuwa ndugu wa maqamu ya Hijaz. Ila asijisifu mapema. Kufanana kwa skeli ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii.

Mpiga fidla mmoja, wateja wengi

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mpiga fidla wa harusi katika vijiji vya Transylvania na vya Maramureș, iliyo kaskazini yake, mara nyingi alikuwa Mroma, na riziki yake ilitegemea kujua nyimbo za kila mteja: Mhungaria, Mromania, Myahudi, Mroma mwenzake. Wayahudi walikuwa na wanamuziki wao pia, na zilikuwapo bendi ambamo Myahudi na Mroma walikaa benchi moja. Ndiyo maana lahani ileile waweza kuikuta ikichezwa na Wahungaria kijiji hiki, na kijiji cha pili ikimsindikiza bibi harusi wa Kiyahudi.

Kisha ukaja mwaka 1944. Maramureș na Transylvania ya kaskazini zilikuwa chini ya Hungaria tangu 1940. Kati ya 15 Mei na 9 Julai 1944, Wayahudi wapatao 437,000 walisombwa kwa treni kutoka Hungaria, karibu wote wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Waroma nao waliuawa. Usiku wa 2 Agosti mwaka huohuo, waliokuwa wamebaki katika sehemu yao ya kambi ya Auschwitz walimalizwa. Muziki wa Kiyahudi wa vijiji vile ukabaki, kwa sehemu kubwa, vidoleni mwa Waroma waliokuwa wameupiga harusini.

Wengi huichukua historia hiyo kuwa ushahidi kwamba muziki huu ulichanganyika tangu zamani, kwa hiyo sisi tunaendeleza tu. Mimi naisoma vingine. Yule mpiga fidla hakuwa akichanganya, alikuwa akibadilisha. Mbele ya Myahudi alipiga Kiyahudi, mbele ya Mhungaria akapiga Kihungaria, na mwenye harusi aliyelipa asingefurahi kusikia vya jirani vikiingizwa katikati ya vyake. Kuchanganya jukwaani, mbele ya watu waliokata tiketi na wasio na harusi, ni kazi mpya ambayo hakuna mzee wa kuithibitisha. Kila moja ya njia tatu zinazofuata inajaribu kuziba pengo hilo kwa namna yake.

Vigezo

Nitazipima kwa mambo manne. La kwanza ni nyimbo zinatoka wapi: kwa wazee, kwenye nota, au vichwani mwa wanabendi wenyewe.

La pili ni nani anashika usindikizaji, na hili nalipa uzito kuliko mengine yote kwa sababu ndilo watu hawaliulizi mpaka mazoezi yameharibika. Lahani husafiri kirahisi. Kinachokaa nyuma yake ndicho kinachong'ang'ania nyumbani. Katika Transylvania ya kati, fidla inayoongoza, ile ya primashi (kiongozi wa bendi), husindikizwa na kontra: viola yenye nyuzi tatu na daraja bapa, ili upinde uguse nyuzi zote kwa pamoja na kutoa kodi nzima, yaani sauti kadhaa kwa mara moja. Kontra na besi hugawana mdundo kwa namna mbili kuu. Katika estam, besi inapiga palipo na uzito na kontra inajibu katikati. Katika duvo, mvuto mmoja wa upinde unabeba mapigo mawili, unasukuma, unakaza, haukatiki, na mchezaji anakanyaga juu ya msukumo huo. Isitoshe, mpiga kontra wa eneo la Mezőség hupiga kodi za meja, zile changamfu, karibu kila mahali, hata chini ya lahani ya maina yenye huzuni. Ukali ule ndio utamu wake.

Sasa mlete mpiga klezma. Akiwa kwenye freygish ya D, anatarajia D meja, halafu G maina na C maina. Mpe G meja hapo na wimbo unageuka sura. Mlete na hora yake, ya mapigo matatu ambayo la kati huachwa tupu, kama mtu anayechechemea. Kisha mlete mwimbaji wa Waroma wa tawi la Vlach, ambao kwa asili muziki wao haukutumia ala kabisa: besi hutolewa kwa mdomo, mdundo kwa vijiko na kopo la maziwa, na shangwe kwa silabi zinazoviringishwa ulimini bila maana ya maneno. Watu hawa watakubaliana juu ya lahani kabla chai haijapoa. Juu ya kodi na mdundo, watakesha.

La tatu ni nani mwenye kauli, na jina lake linaandikwa wapi. La nne ni gharama: muda, idadi ya watu, fedha.

Njia ya kwanza: kurudi kijijini

*Nyimbo.* Hapa bendi haitungi chochote. Inatafuta nyimbo ambazo pande zote zilizitumia, inazipiga kama zilivyopigwa. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Muzsikás, bendi ya Budapest iliyoanzishwa 1973, na albamu yao ya 1993, Máramaros, ya muziki wa Kiyahudi wa Transylvania. Sehemu ya nyimbo ilitoka kwa mtafiti Zoltán Simon, mwanafunzi wa mtunzi wa Hungaria Zoltán Kodály, aliyekuwa amezikusanya miaka mingi nyuma. Bendi ikawatafuta Waroma wawili wazee waliowahi kupiga katika harusi za Kiyahudi, Gheorghe Covaci wa fidla na Árpád Toni wa simbalomu (ala ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti), ikarekodi nao, na Márta Sebestyén akaimba.

Kutoka upande wa klezma, Di Naye Kapelye ya Bob Cohen ilipita njia hiyohiyo. Cohen ni Mmarekani mwenye asili ya Wayahudi wa Hungaria aliyehamia Budapest. Wakati bendi nyingi za klezma zilianza kwa kuiga rekodi zilizofanywa New York na wahamiaji miaka ya 1910 na 1920, yeye alikwenda kujifunza kwa Waroma wa Maramureș na kwa bendi ya familia ya mji wa Técső, upande wa Ukraini wa mto Tisza.

*Usindikizaji.* Unashikwa na mwenyeji, moja kwa moja. Katika Transylvania ya kati ni kontra na besi. Maramureș ni zongora, gitaa la nyuzi chache linaloshikwa wima na kupigwa kwa nguvu, pamoja na ngoma ya doba. Kwa hiyo mgogoro wa kodi unaisha kabla haujaanza: klezma inasalimu amri. Faida ni kwamba muziki unachezeka. Wachezaji hawatafuti mdundo, umewashika. Hasara ni kwamba mpiga klarineti aliyelelewa na klezma ya Marekani atajikuta hana pa kukaa. Katika bendi za nyuzi za huko klarineti haina kiti cha kudumu, na kwikwi zake zote nzuri zinabidi zingoje.

*Kauli na majina.* Studioni mzee ndiye mwenye kauli, maana ndiye anayejua. Nje ya studio mambo hubadilika. Jina kubwa jaladani huwa la bendi ya mjini, na la mzee liko ndani, kwa herufi ndogo. Wimbo ukisajiliwa kuwa wa jadi haumpi mtu yeyote mrabaha, au unampa aliyejaza fomu kuwa ndiye mpangaji wake. Mwandaaji akichagua njia hii na amwulize kiongozi wa bendi swali hilo mapema, kwa maandishi.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wa njia hii hawapendi kulisikia. Mroma hapa anaingia kama mbebaji wa nyimbo za wengine. Za kwake mwenyewe, hasa zile za kuimba kwa Kiromani, lugha ya Waroma, nyumbani bila ala, hazipati nafasi. Katika bendi inayosema inaunganisha jamii tatu, moja inakuwa imekuja kazini.

*Gharama.* Bendi ni ndogo. Watu wanne wanatosha, na wanaingia kwenye gari moja. Kinacholiwa ni muda. Muziki huu hujifunzwa kwa sikio, na wazee wengi hawapo tena. Bahati nzuri kumbukumbu zimewekwa vizuri: mradi wa Utolsó Óra wa nyumba ya muziki ya Fonó, Budapest, ulianza 1997 kuwaita wapiga muziki wa vijijini, wengi wao Waroma, na kurekodi kila walichokijua. Halafu kuna tanchazi, jioni za kucheza na kufundishana zilizoanza Budapest Mei 1972, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2011 kuwa mfano mwema wa kurithisha utamaduni. Mgeni yeyote anaweza kuingia, akafundishwa hatua, na akakaa karibu na mpiga kontra amtazame mkono.

*Inamfaa* mwenye subira, anayetaka watu wacheze, na asiyejali kujificha nyuma ya wimbo.

Njia ya pili: ukumbini, kwa nota

*Nyimbo.* Njia hii ina ukoo wake, wala haikuzuliwa na watalii kama wapinzani wake wanavyodai. Waroma wa Kihungaria wa ukoo wa wapiga muziki wamekuwa wakipiga mbele ya mabwana na kwenye mikahawa tangu karne ya 18. János Bihari, 1764 hadi 1827, alikuwa primashi mashuhuri kupindukia wa verbunkoshi, mtindo wa dansi wa Hungaria. Mwaka 1874 fundi József Schunda wa Budapest alitoa simbalomu kubwa yenye miguu na kanyagio la kuzimia sauti, na chombo cha kubebwa shingoni kikawa samani ya ukumbi. Mwaka 1985 ilizaliwa okestra ya Waroma mia moja, ambayo bado inazunguka dunia.

Upande wa klezma, Budapest Klezmer Band ilianzishwa 1990 na Ferenc Jávori, mtu wa Munkács, mji ambao leo uko Ukraini na ambao kabla ya vita ulijaa Wayahudi. Wanamuziki wake ni watu waliosoma muziki darasani. Wamepiga na okestra za kumbini na kwa ajili ya balei. Humo klezma, mtindo wa mkahawa wa Kihungaria na ufundi wa Kiroma vinakutana kwenye karatasi, kila sauti ikiwa imepangiwa pa kuingia.

Mwenye kuchagua njia hii sharti ajue ananunua nini anapoambiwa "Kihungaria". Mtunzi Franz Liszt aliandika kitabu mwaka 1859 akidai kwamba muziki uliojulikana kuwa wa Hungaria ulikuwa hasa wa Waroma. Miongo mitano baadaye watunzi Bartók na Kodály wakaenda vijijini na fonografu, mashine ya kurekodi sauti, wakarudi na nyimbo za wakulima zisizofanana kabisa na zile za mkahawani, wakaonyesha kwamba nyingi za mkahawani zilikuwa tungo za karibuni, kazi za watunzi wa tabaka la wenye nafasi, zilizopigwa na Waroma kwa ufundi wao. Vitabuni ubishi huo umekwisha. Kwenye mazoezi bado upo: mpiga kontra wa kijijini na primashi wa mkahawani wanaweza wasiheshimiane hata kidogo, na wote wawili ni Hungaria halisi. Mimi sioni aibu katika muziki wa mkahawa. Primashi mzuri anavyouvuta na kuuachia wimbo, akiwatazama watu wa meza moja tu, ni elimu ya peke yake.

*Usindikizaji.* Unashikwa na mpangaji wa muziki. Kodi zimeandikwa, kwa hiyo meja na maina haviwi ugomvi; G maina imo kwenye karatasi na basi. Simbalomu inajaza katikati, besi inatembea, klarineti inapata kiti chake. Kinachopotea ni ule msukumo wa duvo, ambao haukubali kuandikwa: ukiandika nota mbili zilizofungwa kwa tao, mpiga viola wa darasani atazipiga sawasawa, na zitakuwa zimekufa. Watu watakaa vitini. Pengine hicho ndicho ulichokitaka.

*Kauli na majina.* Kauli ni ya mpangaji na kiongozi wa bendi, na hilo lina usafi wake. Mkataba unasomeka, hakimiliki ya mpangilio inajulikana, kila mpigaji ana malipo yake. Kwa Mroma aliyezaliwa katika familia ya wapiga muziki, ambaye babu yake alilipwa kwa noti ya fedha iliyobandikwa kwenye fidla, mshahara wa okestra si jambo la kubezwa. Hatari iko kwenye matangazo: wafanya biashara wa ukumbi wana mapenzi na mabango ya moto, magari ya farasi na vizibao vyekundu, na Mroma mwenye shahada ya muziki anageuzwa pambo.

*Gharama.* Ni kubwa mwanzoni, nafuu baadaye. Unalipa mpangaji, unalipa watu wengi zaidi, unakodi simbalomu ambayo si ya kubeba begani. Lakini mtu akiugua, mwenye kusoma nota atajaza nafasi yake jioni ileile, na onyesho la kumi litafanana na la kwanza. Njia ya kijijini haikupi hilo hata kidogo.

*Inamfaa* mwandaaji mwenye ukumbi wa viti, na bendi ambayo wanachama wake hubadilika.

Njia ya tatu: kukutana na kutunga

*Nyimbo.* Humu kuna makundi mawili ambayo watu huyachanganya. Kundi moja ni la mkutano: pande zinakaa pamoja kwa muda, kila upande ukiufundisha mwingine, halafu wanapiga kama bendi moja. The Other Europeans, mradi ulioongozwa na Alan Bern kuanzia 2008, uliwakutanisha wapiga klezma na Waroma wa ukoo wa lautari, yaani wapiga muziki wa kulipwa, kutoka Moldova. Hauhusu Hungaria, lakini nautaja kwa sababu utaratibu wake ni wa kuigwa: kundi la Wayahudi na kundi la Waroma yalijengwa kwanza kila moja peke yake, ndipo yakaunganishwa. Hakuna upande ulioingia kama mgeni wa mwenzake.

Kundi la pili ni la utunzi. Frank London, mpiga tarumbeta wa New York, aliunda Glass House Orchestra kwa wanamuziki wa Marekani na Hungaria, wakatoa albamu ya Astro-Hungarian Jewish Music. Jina la bendi latokana na jengo la vioo la mtaa wa Vadász, Budapest, ambamo Wayahudi walijificha mwaka 1944 chini ya ulinzi wa Carl Lutz, makamu balozi mdogo wa Uswisi. Humo lahani ya Kiyahudi wa Hungaria inaweza kukutana na gitaa la umeme, na hakuna anayeomba radhi.

*Usindikizaji.* Hakuna mwenye haki ya kuzaliwa nao, kwa hiyo lazima ujadiliwe, na hapo ndipo njia hii inafaulu au inaanguka. Majadiliano yakikosekana, bendi hukimbilia kitu ambacho wote wanakijua, yaani ngoma za seti na besi ya jazi, na jamii tatu zinageuka wapigaji wa solo wanaopokezana juu ya mdundo usio wa yeyote kati yao. Nimesikia maonyesho ya namna hiyo. Kila mtu ni hodari, na hukumbuki chochote ukifika kituo cha basi.

Yakifanyika vizuri, hapa ndipo panapopatikana kitu ambacho njia mbili za kwanza haziwezi kukitoa: sauti ya Waroma wa Vlach. Kalyi Jag, iliyoanzishwa 1978, na Ando Drom, ya 1984, ziliipandisha jukwaani sanaa hiyo ya nyumbani, pamoja na gitaa, kopo na vijiko. Kati yake na klezma hakuna historia ya benchi moja ya harusi. Na kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kusema "hivi sivyo." Besi ya mdomo chini ya fidla ya Kiyahudi ni wazo ambalo bado lina nafasi kubwa ya kufanyiwa kazi.

*Kauli na majina.* Kwa nadharia ni ya wote. Kwa kweli hufuata fedha: aliyeomba ruzuku ndiye atakayeamua wimbo upi ufungue onyesho. Mgawanyo wa haki za utunzi uandikwe kabla ya mazoezi, maana baada ya albamu kutoka kila mtu atakumbuka kwamba kile kipande kilikuwa chake.

*Gharama.* Ghali kuliko zote kwa saa moja ya muziki. Wiki za kukaa pamoja, malazi, tiketi za ndege, mkalimani wakati mwingine. Na mwishoni unaweza kubaki na nyimbo sita. Ruzuku za utamaduni za Ulaya hupenda miradi hii, jambo ambalo ni baraka na pia ni sababu ya mingi kufa fedha zikiisha.

*Inamfaa* mtunzi, tamasha lenye muda wa kuwakaribisha wasanii kabla ya onyesho, na mwanamuziki asiyetoka katika jamii yoyote kati ya hizo tatu.

Wimbo mmoja ukiwekwa kwenye mizani

Uchukue Szól a kakas már, wimbo wa Kihungaria kuhusu jogoo anayewika alfajiri. Wahasidi, Wayahudi wa madhehebu ya wacha Mungu, husimulia kwamba rabi Yitzchak Isaac Taub wa Nagykálló, aliyefariki 1821, aliusikia kwa mchungaji, akaununua kwake, na papo hapo mchungaji akausahau. Wafuasi wake wakauimba kwa Kihungaria vilevile, wakitia na maneno ya Kiebrania ya kutamani hekalu lijengwe upya, na jogoo akawa mwito wa kumngoja Masihi.

Njia ya kwanza itauanza kwa sauti tupu, kila mstari ukichukua muda wake, fidla ikimfuata mwimbaji nyuma kidogo. Ndivyo Muzsikás na Sebestyén walivyoutendea, na sijasikia toleo linalogusa zaidi. Njia ya pili itaupa utangulizi wa simbalomu inayotetema, itaupandisha kwa nyuzi ubeti wa pili, kisha, nakuhakikishia, itaufungua kuwa chardashi, dansi ya Kihungaria, ya mbio ili watu wapige makofi. Njia ya tatu itauvunja: mstari mmoja kwa tarumbeta, jibu kwa Kiromani, mdundo wa kopo. Mhungaria mzee na Mhasidi wa Brooklyn wote wanauhesabu wao. Njia ya kwanza inamridhisha kila mmoja bila kuwakutanisha, ya pili inawapendeza wote kijuujuu, na ya tatu inaweza kuwaudhi wote wawili usiku mmoja.

Kwa hali yako

Kama unataka watu wacheze na una ukumbi wenye sakafu tupu, chukua bendi ya njia ya kwanza, na umlipe mwalimu wa hatua saa moja kabla. Bila mwalimu huyo wageni watasimama ukutani.

Kama watazamaji wako wamekata tiketi ghali na wanataka kuketi, njia ya pili haitakuangusha. Soma bango lao kabla ya kusaini. Wakikuletea picha ya msichana wa Kiroma na moto wa kambi, waambie walete nyingine ya wanamuziki wenyewe na ala zao.

Kama wewe ni mpiga klarineti au kodiani wa klezma, anza na ya pili, kwa sababu ya kwanza itakunyamazisha muda mrefu. Kama ni mpiga fidla, fanya kinyume: kaa kwanza na wa kijijini, hata kama utaishia ukumbini, kwa sababu mkono wa upinde hujifunza kijijini kwa haraka na ukumbini kwa taabu.

Kama katika bendi yako yumo mwimbaji wa Kiromani, usimweke kwenye njia ya kwanza kwa sababu tu ni Mroma. Mwulize anaimba nini nyumbani. Jibu lake likiwa ni nyimbo za kopo na vijiko, mnahitaji njia ya tatu, au tamasha lenye sehemu mbili ambamo kila mtu anapiga vyake na mnakutana kwa nyimbo mbili za mwisho. Mpangilio huo wa sehemu mbili, kwa njia, ni wa bei nafuu, hauna aibu yoyote, na ndio unaokaribia zaidi alichokifanya yule mpiga fidla wa harusi.

Kama fedha ni kidogo na muda upo, ya kwanza. Kama fedha ipo na muda haupo, ya pili. Ya tatu inataka vyote viwili. Mwenye kimoja tu asiiguse.

Na kama wewe ni mpiga qanun au fidla wa taarab unayeishi Ulaya na umealikwa kujaribu, ingia kwa njia ya tatu, huku ukijua kwamba qanun hukwanyuliwa na simbalomu hugongwa kwa vijiti, kwa hiyo zikipigwa pamoja katika sauti ya kati zitameza nafasi ya kontra. Mkubaliane mapema nani anapumzika wapi. Hijaz yako itawafurahisha siku ya kwanza. Siku ya pili mwombe mpiga kontra akupigie duvo peke yake, polepole, bila lahani, na wewe uketi usikilize mguu wake unapokanyaga.